Rejeta ya mvuke haipashi hewa kama zamani? Mwongozo kamili wa kurudisha joto kwenye mabomba ya mapezi

Mafundi wenzangu wa viwanda vya chai, na yeyote mwenye rejeta ya mvuke inayopasha hewa, hii mada inaniuma maana pesa nyingi sana zinapotelea hapa. Draya haifiki joto, chai iliyotakiwa kutoka na unyevu wa asilimia 3 hivi inatoka mbichi, mnapunguza spidi ya kulisha, alafu mmoja anasema rejeta imechoka tununue yenye mapezi mengi zaidi, mwingine anasema pandisha presha ya boila, kuni zinaongezwa na baada ya wiki mko palepale. Kiukweli mara nyingi rejeta haijachoka. Ndani ya bomba kuna hewa au maji yamekwama, nje vumbi limeziba kati ya mapezi (vile vibati vyembamba vilivyovikwa bomba ili kuongeza eneo), na vyote hivyo vinatibika kwa spana, kompresa na trapu moja nzuri, yaani kile kifaa kinachotoa maji na kuuzuia mvuke usitoke. Kununua mapezi mapya ndo kitu cha mwisho kufikiria.

Mfano nitakaotumia ni draya ya chai, zile za Mufindi, Rungwe au kule Kericho, kwa sababu mfumo unafanana: boila ya kuni, mvuke wa baa 7 hivi, mabomba ya chuma yenye mapezi, feni inasukuma hewa ipite katikati ya mapezi ipate joto iende kukausha majani. Kama wewe unakausha mbao au nafaka hesabu ni ileile. Mwishoni nitaingia kwenye kondensa, vile vifaa vya kupoza mvuke uwe maji, ambazo mapezi yamekaa upande wa mvuke wenyewe, huko mambo yanageuka.

Kabla ya yote: funga valvu kuu na uiwekee kufuli, fungua kitoleo mpaka geji isome sifuri na rejeta ipoe, ndo uguse flanji. Mvuke unaovuja kwa presha hauonekani kwa macho, kile cheupe unachokiona ni matone yaliyokwisha kupoa. Na kuchomelea kitu chochote chenye presha ni kazi ya mtu mwenye cheti, wakaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) wakija watauliza.

Elewa kwanza joto linapita wapi

Mvuke ukigusa ukuta wa bomba uliopoa unageuka maji, na hapohapo unaachia joto lake. Kilo moja ya mvuke wa baa 7 kwenye geji, ambao una nyuzi 170 hivi, ikigeuka maji inaachia karibu kilojuli 2,050. Kilo hiyohiyo ikishakuwa maji, ukaipoza kutoka 170 mpaka 100, unaambulia kama 300 tu. Kwahiyo faida yote iko kwenye ule mgeuko, na maji yakishatokea (tuyaite kondenseti kama tunavyoita kiwandani) hayana kazi tena mle ndani, yanatakiwa yatoke haraka.

Safari ya joto ni hivi: mvuke, utando wa maji uliolala kwenye ukuta kwa ndani, chuma cha bomba, pezi, alafu hewa. Mvuke ukiwa safi, kila mita ya mraba ya ukuta inaweza kupitisha kama wati 8,000 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Upande wa hewa ni wati 50 hivi. Tofauti ni kubwa mno, na ndo maana mapezi yanawekwa upande wa hewa: ukiongeza eneo mara 20 na mapezi yakafanya kazi kwa asilimia 80, zile 50 zinakuwa sawa na 800. Hata hapo hewa bado inashika asilimia 90 na ushee ya upinzani wote.

Sasa angalia hii hesabu maana ndo moyo wa mada nzima. Ukihangaika mpaka upande wa mvuke ukawa bora mara mbili, kutoka 8,000 kwenda 16,000, unapata nyongeza ya asilimia 5 tu. Lakini ukiuacha mvuke uchanganyike na hewa mpaka 8,000 ikashuka kuwa 800, joto linalopita linashuka kwa asilimia 45. Yaani upande wa mvuke huwezi kupata faida kubwa, ila unaweza kupata hasara kubwa sana. Kazi yako huko ndani ni kulinda, kazi ya kuongeza iko nje kwenye mapezi na feni.

Hatua ya 1: chukua namba kabla ya kugusa spana

Unahitaji joto la hewa inayoingia, joto la hewa inayotoka, presha ya mvuke pale pale kwenye mlango wa rejeta (baada ya valvu ya kurekebisha, sio kwenye boila), na presha ya hewa inayopotea ikipita kwenye mapezi.

Kwa joto tumia themokapo, kipima joto cha waya unaogusa kitu. Ile bunduki ya kupima joto kwa mbali inadanganya ukiielekeza kwenye alumini inayong'aa, inasoma chini sana, kwahiyo kama huna kingine paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa pale unapopima, au bandika tepu nyeusi inayohimili joto.

Alafu piga hesabu moja: hewa inayotoka toa inayoingia, gawanya kwa joto la mvuke toa hewa inayoingia. Mfano hewa inaingia 20 inatoka 120, mvuke 170: 100 gawanya kwa 150 ni 0.67. Uzuri wa hii namba ni kwamba haibabaishwi na boila kushuka presha au asubuhi ya baridi, mradi kiasi cha hewa ni kilekile. Mwezi wa pili hewa ikitoka na 95, namba ni 0.50. Mtu akiangalia tu anasema tumepoteza nyuzi 25 sio mbaya, kumbe ukiingia ndani ya hesabu uwezo wa rejeta kupitisha joto umeshuka kama asilimia 37. Zaidi ya theluthi imeondoka na watu bado wanalaumu kuni mbichi.

Kuna mtego hapa. Mapezi yakiziba hewa inapita kidogo, na hewa kidogo inakaa muda mrefu kwenye mabomba, inatoka ya moto zaidi! Namba inapanda, unafurahi, wakati draya inakosa hewa na chai haikauki. Ndo maana lazima upime na presha ya hewa. Huhitaji kifaa cha gharama. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U kwenye ubao, mimina maji uliyotia rangi kidogo mpaka yafike nusu, ncha moja iingize kwenye tundu kabla ya rejeta nyingine baada ya rejeta. Feni ikiwashwa maji yatapishana urefu, kila milimita moja ni kama paskali 10. Andika ile tofauti siku mapezi yakiwa safi. Ikifika mara moja na nusu ya ile, ni muda wa kusafisha, usingoje mpaka chai ilalamike.

Hatua ya 2: mvuke wenyewe ukoje unapofika

Hapa sikai sana. Mvuke uliobeba matone unaleta maji yasiyo na faida na unanenepesha ule utando ndani ya bomba. Maji ni mpitishaji mbovu wa joto, utando wa sehemu ya kumi ya milimita unazuia sawa na chuma cha unene wa milimita 7 hivi. Kwahiyo hakikisha bomba kuu lina mteremko kama wa 1 kwa 100 kufuata mvuke unakoelekea, lina vitoleo vyenye trapu kila mita 30 mpaka 50, limevalishwa koti la kuzuia joto mpaka kwenye flanji, na tawi la kwenda rejeta limechomolewa juu ya bomba, sio ubavuni wala chini. Chujio kabla ya valvu lilazwe ubavu, likining'inia chini kile kikapu chake kinakuwa kidimbwi. Kama boila inarusha maji kwa sababu ya povu au chumvi nyingi ndani, tibu boila kwanza.

Kuhusu kupandisha presha: kutoka baa 7 kwenda 10 mvuke unapanda kutoka nyuzi 170 kwenda 184. Kwenye mfano wetu hiyo ni nyongeza ya asilimia 9 tu, tena kama rejeta na mabomba yameruhusiwa presha hiyo. Kama umepoteza theluthi, asilimia 9 haikuokoi.

Hatua ya 3: trapu na njia ya maji

Hapa ndo nyumbani kwa matatizo, chukua muda wako.

Kwa rejeta ya kupashia hewa mimi naipenda trapu ya boya yenye kitoa hewa ndani yake. Inatoa maji yakitokea tu, haingoji yapoe, na mzigo ukipanda ukishuka inafuata. Trapu ya kisahani, ile ndogo inayolia tak-tak-tak, ni nzuri kwa bomba kuu lakini kwenye rejeta inafungwa na hewa kirahisi. Ile inayongoja kondenseti ipoe ndo ifungue inarudisha maji nyuma mpaka kwenye mabomba, na kila bomba lililojaa maji ni bomba umelifuta kwenye hesabu.

Saizi. Watu wanaangalia saizi ya nyuzi za bomba, nusu inchi kwa nusu inchi, wanafunga. Hapana. Piga mzigo. Hewa kilo 5 kwa sekunde, kutoka 20 kwenda 120, ni karibu kilowati 500. Gawanya kwa 2,050 unapata robo kilo ya mvuke kwa sekunde, sawa na kilo 880 kwa saa. Wakati wa kuwasha chuma kikiwa cha baridi maji ni mengi zaidi na presha ni ndogo, kwahiyo tafuta trapu inayopitisha mara 2 mpaka 3 ya hapo, kilo 1,800 hadi 2,600 kwa saa, kwa ile tofauti ya presha uliyonayo kweli. Sio presha ya boila. Presha ndani ya rejeta, toa presha ya bomba la kurudishia. Na kama bomba la kurudishia linapanda juu baada ya trapu, kila mita moja ya kupanda inakula baa 0.1. Bomba likipandishwa mita 5 mpaka kwenye kenchi limeshakula nusu baa.

Kila rejeta iwe na trapu yake. Ukiunganisha rejeta mbili tatu kwenye trapu moja, ile inayokutana na hewa ya baridi inageuza mvuke mwingi zaidi, presha yake inashuka, na mvuke wa jirani unaizibia njia, maji yanabaki mle ndani. Unaona safu ya kwanza ya mabomba ni baridi nusu, watu wanasema imeziba, wanakata, hakuna kitu. Ni trapu ya ushirika.

Toka la rejeta lishuke wima angalau milimita 300 kabla ya trapu ili uzito wa maji usukume hata presha ikiwa ndogo, na mabomba yenyewe yainamie kule maji yanakotokea. Weka pima maji juu ya heda (lile bomba kubwa ambalo mabomba ya rejeta yanaungana), majengo yanashuka na stendi zinapinda na hamna anayeangalia.

Kujua trapu inafanya kazi, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wake na mpini sikioni. Ya boya ikiwa nzima unasikia mtiririko unaopanda na kushuka, ikipitisha mvuke bure unasikia mlio mkali mfululizo usiokoma, na ikiwa kimya na ya baridi imeziba au imefungwa na hewa. Kupima joto kabla na baada ya trapu pekee hakutoshi, maana kondenseti ya presha ikitoka inageuka mvuke kiasi na joto la pande mbili linakuchanganya. Na ile valvu ya pembeni ya kukwepa trapu, ukiikuta imefunguliwa robo "ili draya ipate moto", ujue kuna trapu mbovu inafichwa, na mvuke mzima unakwenda tanki la kondenseti kila dakika.

Kuna ugonjwa mmoja wa rejeta za kunyaushia majani. Pale hewa haitakiwi kuzidi nyuzi 35 hivi, kwahiyo valvu ya kurekebisha inafinya mvuke mpaka presha ndani ya rejeta inakaribia sifuri ya geji. Mvuke wa namna hiyo Mufindi, kwenye mita 1,800 na kitu juu ya bahari, hauna hata nyuzi 100, una kama 94. Hakuna presha ya kusukuma maji yapande bomba la kurudishia, yanajaa, mvuke ukirudi unayapiga na unasikia bomba linagongwa kama nyundo, mwisho viungo vinapasuka. Kuongeza saizi ya trapu hakusaidii hapa kwa sababu hamna presha. Dawa ni kuacha kondenseti idondoke kwa uzito wake mpaka kwenye tanki lililo wazi kwa hewa, alafu pampu ndo iisukume kurudi boila. Au uache valvu ya mvuke wazi na urekebishe joto kwa kuchanganya hewa ya moto na ya baridi kwa vizuizi vya njia ya hewa. Hii ya pili ni rahisi na naiona haitumiki inavyostahili.

Hatua ya 4: toa hewa ndani ya mvuke

Boila ikizimwa usiku, mvuke uliobaki kwenye mabomba unageuka maji, mle ndani panakuwa na ombwe, na hewa ya nje inanyonywa kupitia kila gasketi iliyolegea. Asubuhi unafungua mvuke, mabomba yamejaa hewa. Pia maji ya kulishia boila yana oksijeni ndani yake, na chumvi za bikaboneti zikipikwa zinatoa kaboni dayoksaidi. Hizi gesi hazigeuki maji. Mvuke unakwenda ukutani unageuka, gesi inabaki imelundikana palepale kwenye ukuta, na mvuke unaofuata inabidi ujipenyeze katikati yake.

Athari yake ni kubwa kuliko akili inavyokubali. Mtafiti mmoja, Othmer, alionyesha mwaka 1929 kwamba nusu asilimia tu ya hewa kwenye mvuke inaweza kukata karibu nusu ya uwezo wa kupitisha joto wakati wa kugeuka maji. Na ukiangalia geji huoni kitu, maana geji inajumlisha presha ya mvuke na ya hewa. Jumla ya baa 8 halisi (ile 7 ya geji) ikiwa robo yake ni hewa, mvuke wenyewe una baa 6 tu, na joto lake ni 159 badala ya 170.

Kutofautisha hewa na maji: pima joto la bomba kwenye mikunjo isiyo na mapezi, kuanzia mvuke unapoingia mpaka mwisho. Maji yanaanzia chini, karibu na toka, yanapanda. Hewa inasukumwa mpaka kona ya mbali kabisa na mlango wa mvuke, hata kama kona hiyo iko juu. Ukipata kona ya baridi, fungua kidogo kitoleo cha karibu na hapo ukiwa umevaa glavu na miwani, maji yakielekezwa salama. Ikipata joto ndani ya dakika chache na ikarudi kupoa taratibu ukifunga, hiyo ni hewa.

Dawa ya kudumu ni kufunga kitoa hewa cha kujiendesha, kile kinachofungua kikipoa na kufunga kikipata mvuke, kwenye ile kona ya mbali. Sio juu ya mlango wa mvuke, pale hakuna hewa ya kutoa, na ndo mahali ninapokikuta kimefungwa mara nyingi! Heda ndefu inaweza kutaka viwili. Pamoja na hapo pasha tanki la maji ya kulishia lifike nyuzi 85 hivi, oksijeni nyingi itatokea huko kabla ya kuingia boila, na kondenseti yako yote irudi humo badala ya kumwagwa mtaroni.

Hatua ya 5: mapezi yenyewe, upande wa hewa

Nyuzinyuzi na vumbi la chai vinajipanga kwenye uso wa safu ya kwanza kama blanketi, ukichungulia na tochi upande mmoja mwenzako akiwa upande wa pili hamuonani mwanga. Puliza kwa hewa ya kompresa kinyume na njia ya feni, yaani kutokea kule hewa inakotokea, presha ndogo, ncha ikiwa imenyooka na mapezi. Ukiipeleka kimshazari unayalaza. Vumbi lililogandamana na mafuta lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, rejeta ikiwa imepoa, alafu ikaushwe kwa feni kabla ya kuruhusu chai. Usitumie magadi soda ya viwandani (kostiki soda) kwenye alumini, inaila na inatoa haidrojeni. Na usiache vumbi likae muda mrefu kwenye mabomba ya nyuzi 170, ni hatari ya moto kwenye draya.

Mapezi yaliyolala yanyooshe kwa kitana cha mapezi. Ukikosa, kipande cha bati chenye upana wa nafasi ya pezi na pezi kinafanya kazi ingawa kitakuchosha.

Jaribu kuzungusha pezi kwa vidole rejeta ikiwa baridi. Likizunguka au kucheza, limeachana na bomba. Mapezi yaliyoviringishwa tu juu ya bomba hulegea baada ya miaka ya kupanda na kushuka joto, maana alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na kile kijinafasi cha hewa chini ya pezi kinaua faida yake. Hapo kusafisha hakusaidii. Ukiagiza mabomba mapya omba yale ambayo pezi limepachikwa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye bomba, au mapezi ya chuma yaliyochomelewa.

Angalia pia pembeni mwa rejeta. Nafasi ya vidole viwili kati ya fremu na njia ya hewa inapitisha hewa baridi nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu hewa inafuata njia isiyo na upinzani. Ziba kwa bati na gasketi ya joto. Hii kazi ni ya mchana mmoja na mara nyingi inarudisha nyuzi kadhaa bila kununua chochote.

Feni na mwinuko

Feni inasukuma ujazo, sio kilo. Kwenye mwinuko wa Mufindi au Kericho hewa ni nyepesi, asilimia 16 mpaka 20 chini ya pwani, kwahiyo feni iliyochaguliwa kwa jedwali la usawa wa bahari inaleta kilo chache za hewa, na kiwango cha kupitisha joto kwenye mapezi kinashuka nayo. Ukiagiza feni au rejeta mwambie muuzaji mwinuko wa kiwanda, kwa mita, kwenye barua ya oda. Kama feni ipo tayari, kagua mkanda unaoteleza, mabawa yenye ukoko, na mzunguko unaokwenda kinyume baada ya fundi umeme kubadili waya. Feni ya sentrifugo ikizunguka kinyume bado inatoa hewa, ila kidogo, kwahiyo watu hawashtuki. Ukitaka kuongeza spidi kumbuka umeme unapanda kwa mchemraba: spidi juu asilimia 10, umeme juu asilimia 33.

Mabomba yakiliwa na kutu kwa ndani

Ile kaboni dayoksaidi ikiyeyuka kwenye kondenseti inakuwa asidi dhaifu, inachimba mfereji chini ya bomba la kurudishia kwa urefu. Ukikata kipande ukaona mfereji, tatizo liko kwenye maji ya boila, kubadilisha bomba peke yake ni kununua muda. Mtu wa dawa za maji aweke dawa ya kondenseti inayoruhusiwa kwenye kiwanda cha chakula, muulize kwa maandishi. Vipande vidogo vya kutu vinavyotoka huko ndo vinavyoziba trapu zako, kwahiyo chujio kabla ya kila trapu.

Kama mapezi yako yamekaa upande wa mvuke

Sasa tugeuze. Una kondensa, maji ya kupoza yanapita ndani ya bomba, mvuke uko nje, mfano kwenye mtambo wa kukeneka maji au wanaotoa mafuta ya karafuu kwa mvuke. Unafikiria kuweka bomba la mapezi kwa nje. Jiulize kwanza nani anazuia. Maji ndani ya bomba yakienda taratibu hayo ndo kizuizi, yaongeze kasi mpaka mita 1 hadi 2 kwa sekunde na utoe ukoko wa chokaa. Baada ya hapo ndo mapezi ya nje yana maana.

Ukiyachukua yale marefu ya rejeta ya hewa umekosea. Mvuke unaleta joto kwa kasi mno kiasi kwamba ncha ya pezi refu inapata joto sawa na mvuke na haifanyi kazi. Pezi la shaba la unene wa nusu milimita na urefu wa milimita 12 kwenye mvuke unaopitisha wati 10,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi linafanya kazi kwa asilimia 26 tu, lenye urefu wa milimita 1 linafika 97. Kwahiyo mvuke unataka mapezi mafupi.

Alafu kuna nafasi kati ya pezi na pezi, na hapa ndo utamu wa hii fani. Mtafiti Nusselt alitoa nadharia yake ya utando wa maji mwaka 1916 kwa kufikiria uzito tu, na Beatty na Katz mwaka 1948 wakaipeleka kwenye mapezi wakiacha ile nguvu inayofanya tone la maji lijikunje, yaani mvutano wa uso. Kwa mvuke wa maji huwezi kuiacha. Ina kazi mbili zinazopingana. Gregorig alieleza mwaka 1954 kwamba inavuta utando kutoka kwenye ncha ya pezi kwenda bondeni, ncha inabaki na utando mwembamba sana, hiyo ni faida kubwa. Lakini chini ya bomba nguvu hiyohiyo inashikilia maji kati ya mapezi yasidondoke, na sehemu hiyo ya bomba inakufa.

Unaweza kupiga hesabu ya pale maji yanapoanza kushikiliwa. Chukua mvutano wa uso wa maji (0.059 kwa nyuzi 100), zidisha kwa 4, gawanya kwa zao la uzito wa maji 958, mvutano wa dunia 9.81, nafasi kati ya mapezi na kipenyo cha nje mpaka ncha ya pezi, vyote kwa mita. Toa 1. Jibu litafutie pembe yake kwa kosaini kinyume kwenye kikokotoo, hiyo ndo pembe kutoka juu ya bomba ambayo haijajaa maji. Kanuni hii ni ya mapezi yenye kuta zilizonyooka na nafasi isiyozidi mara 2 ya urefu wa pezi. Kwa kipenyo cha milimita 21, nafasi ya milimita 1.5 inakupa pembe ya 102 kati ya 180, asilimia 57 ya bomba iko huru. Nafasi ya milimita 1 inaacha asilimia 44. Ukibana chini ya milimita 0.6 bomba zima limejaa maji, umelipia shaba ya kushikia maji.

Ukipanua sana nayo unapoteza eneo. Majaribio ya Wanniarachchi, Marto na Rose miaka ya 1980 yaliipata nafasi bora kwa mvuke kwenye mabomba ya shaba kuwa karibu milimita 1.5. Mabomba ya gesi za friji yana mapezi yaliyobanana zaidi kwa sababu maji ya gesi hizo yana mvutano mdogo, kwahiyo usichukue bomba la kondensa ya friji ukadhani litafaa kwa mvuke.

Kama bomba limeshanunuliwa na limebana, kuna njia ya kusaidia: bati jembamba lililosimama wima, linalogusa chini ya bomba kwa urefu wake wote. Linavuta maji kutoka kati ya mapezi na sehemu iliyokufa inapungua. Liguse kweli, likiachia hata kidogo halivuti.

Na chuma. Mapezi yaleyale ya milimita 1 yakiwa ya chuma kisichoshika kutu, yanafanya kazi kwa asilimia 58 badala ya 97, kwa sababu kinapitisha joto kama mara 24 chini ya shaba. Kama mvuke wako una asidi na lazima utumie chuma hicho, weka mapezi mafupi zaidi na manene kidogo, au chukua bomba laini la ukuta mwembamba na uongeze idadi ya mabomba.